Mioto Miwili ya Lukmani wa Maruku

Miaka hupita juu ya Maruku kama ukungu wa alfajiri upitavyo juu ya migomba: bila kishindo, na aliye chini yake hajui kwamba umepita mpaka ainue macho na kuona ziwa limekuwa wazi. Katika miaka ya namna hiyo aliishi Lukmani bin Muharami. Alizaliwa, kwa hesabu ya wazee wa huku, mwaka wa tatu baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wa Buhaya. Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati Wajerumani wakitawala pale bomani Bukoba. Alikuwa kijana wa ndevu changa walipolipoteza boma hilo. Na alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu wawili Mwingereza alipoingia katika vita vyake vya pili. Hakuwahi kuwa sheikh, wala karani, wala mzee wa baraza. Alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, mwenye kibanja cha wastani, mke mmoja, na macho ambayo sijapata kuona mfano wake kwa binadamu mwingine. Nimesoma habari za wakubwa wengi katika umri wangu, na wengi wao nimewasahau. Huyu sikumsahau, na sipendi niingie kaburini nikiwa na habari zake kifuani.

Baba yake, Muharami, alikuwa mtu wa Pangani. Alikuja na msafara uliokuwa ukienda Karagwe, akashikwa na homa njiani, akauguzwa na watu wa Maruku, akapona, akaoa, akabaki. Wakati huo nyumba za Kiislamu zilikuwa chache, zimetawanyika katikati ya migomba kutoka Maruku hadi Kamachumu, na kila mwaka walikuwa wakigombana kwa jambo moja: nyumba hii yapika Idi, nyumba ile bado imefunga. Muharami aliona aibu hiyo, akatafuta dawa yake. Juu ya Maruku kuna mgongo wa mlima ulio rweya tupu, yaani uwanda wa nyasi usiolimwa, ambapo macho hayazuiwi na mgomba wala mti. Akapanda huko siku ya ishirini na tisa, akautazama mwezi, na alipouona akawasha moto. Mtu wa mgongo wa pili akauona, akawasha wake; na hivyo hivyo mlima kwa mlima mpaka Kamachumu. Moto mmoja maana yake: Ramadhani imeingia, kesho fungeni. Mioto miwili iliyosimama sambamba maana yake: imetoka, kesho ni Idi. Asipouona mwezi, hawashi kitu, na giza nalo ni habari.

Muharami alipofariki, Lukmani alirithi kibanja, jembe, na mlima. Aliifanya kazi hiyo kwa namna ambayo hata sasa, nikiikumbuka, hunitia unyenyekevu. Kuni alizianika siku kumi kabla, chini ya ukingo wa paa, akizigeuza kila asubuhi kama mtu ageuzaye kahawa kwenye mkeka. Majani makavu ya mgomba aliyachagua moja moja. Siku yenyewe alioga, akavaa kanzu yake iliyo safi, akapanda mapema ili moyo utulie kabla ya jua kuzama. Na hakuwasha moto kwa kusikia. Mwaka mmoja zilikuja habari kutoka mjini kwamba mwezi umeonekana, akaletewa hata jina la aliyeuona. Alijibu, “Huyo naye awashe moto wake. Huu wangu husema nilichokiona mimi,” akashuka na kuni zake kichwani. Kwa sheria yetu, mwezi wa Idi hauthibiti kwa jicho la mtu mmoja; hutaka mashahidi wawili. Kwa hiyo tulikuwa tukipanda watatu: yeye, mzee mmoja wa jirani, na mimi niandikaye, ambaye nilikuwa nikisomesha watoto chuoni hapo Maruku.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo wageni hawalielewi juu ya watu wa Bukoba. Katika vita vya kwanza, Wajerumani walikuwa na mlingoti mrefu wa simu ya upepo pale mjini. Mlingoti ule haukuwa na waya uendao popote. Ulisema na hewa, na hewa ikajibu. Waingereza walivuka ziwa kwa ajili ya mlingoti huo, wakapigana siku mbili, wakauangusha, na mji ukaingia katika moto na unyang'anyi. Watu wetu walitoka katika mambo yale wakiwa wamejifunza somo moja kwa macho yao wenyewe: ishara ikienda hewani, adui huja. Miaka ishirini na mitano baadaye somo hilo lilikuwa bado hai.

Mwaka elfu moja mia tisa na arobaini, katikati ya mwaka, Mtaliano alijiunga na Mjerumani. Mtaliano alikuwa Uhabeshi na Somali, na alikuwa na ndege. Ilisemekana amekwisha tupa mabomu kaskazini ya Kenya. Kutoka hapo maneno yakaota miguu. Huko Izimbya, watu walisema, imesikika eropleni ikipita juu ya mawingu, na kuku wa kijiji kizima hawakutaga siku tatu. Mwingine alisema Mtaliano huona kitu cheupe hata kama ni kidogo kama yai. Jirani ya Lukmani alikuwa Mkatoliki aitwaye Ildefons, mtu mkarimu, mwenye bidii, na mwenye hofu kuliko wote niliowajua. Alikuwa amejenga nyumba ya mabati kwa pesa ya kahawa yake, ya kwanza upande ule, na mabati yale yaliyokuwa fahari yake sasa yalimkosesha usingizi kwa jinsi yalivyometameta. Akayapaka udongo na samadi ya ng'ombe. Mvua ya kwanza ikaviosha vyote, vikateremka katika mtungi wa maji ya kunywa.

“Mtaliano akifika,” mkewe Clotilda alimwambia mbele ya majirani, “atakuta umekwisha kutuua mwenyewe, arudi kwao bila kazi.”

“Cheka tu. Na huyo mbuzi wako mweupe aliyevishwa lubugo je?”

Ilikuwa kweli. Clotilda alikuwa amemfunika mbuzi wake kwa kipande kikuukuu cha nguo ya gome la mti, akakifunga kwa kamba chini ya tumbo.

“Mbuzi wangu hanyweshi mtu samadi,” akasema, na watu wakacheka mpaka Ildefons mwenyewe akacheka.

Jioni ya tarehe mbili Oktoba mwezi wa Ramadhani uliandama. Tuliuona sote watatu, na Lukmani akawasha moto mmoja. Siku mbili baadaye, mchana, ndege ilipita kweli juu ya ziwa. Ilikuwa moja, mbali sana, nami nadhani ilikuwa ya Waingereza wenyewe. Lakini kabla ya jua kuzama hesabu ilikuwa imekwisha fanywa katika vilabu vyote vya lubisi, pombe yetu ya ndizi: moto mmoja, ndege moja. Na kila mtu, Mkatoliki na Mwislamu, alijua kwamba mwisho wa mfungo huwashwa mioto miwili.

Aliyepeleka maneno hayo kwa mukungu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa Ildefons. Sisemi hivi kwa kumchongea marehemu. Yeye mwenyewe aliungama baadaye mbele yetu wote. Mukungu wetu alikuwa Mutembei, mtu mnene, mwepesi wa kutoa amri na mzito wa kutembea. Siku hiyo alitembea. Alimkuta Lukmani akipunguza machipukizi ya migomba, na mkewe Shamsa akipepeta kahawa uani.

“Lukmani waitu,” alianza kwa heshima, “moto wako sasa basi.”

“Mukungu, moto huu umeuona tangu ulipokuwa mtoto. Baba yako alikuwa akiutazama ajue lini atakaribishwa pilau.”

“Mimi naujua, na baba yangu aliujua. Lakini huyo aliye juu anajua? Akiuona atasema, kumbe Bukoba ipo hapa.”

Shamsa aliinua ungo. “Mukungu, kama Mtaliano ametoka kwao mpaka Uhabeshi bila moto wa mume wangu, ziwa lote hili litamshinda kuliona?”

Mkubwa aliyeshindwa hoja huwa hatari, na Mutembei alikuwa ameshindwa. Akapeleka habari bomani.

Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, aliyekuja alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye shingo iliyoungua na jua, aliyejifunza Kiswahili chake vitabuni na kukitamka neno kwa neno kama mtu apangaye matofali. Alikaa barazani kwa mukungu, na watu wakajaa mpaka njiani. Lukmani alisimama mbele yake na kofia mkononi.

“Unawasha moto mlimani?”

“Nawasha, Bwana.”

“Unampelekea nani habari?”

“Watu wa Kamachumu, na kila nyumba ya Kiislamu iliyo katikati.”

“Habari gani?”

“Moto mmoja husema, kesho fungeni. Mioto miwili husema, kesho kuleni.”

Watu wakacheka. Bwana Shauri hakucheka, aliandika. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: kwa nini asipelekwe tarishi kwa miguu? Lukmani alimweleza kwamba mwezi huo huonekana kwa muda mfupi tu baada ya jua kuzama. Kwamba kutoka hapo hadi Kamachumu ni mwendo wa siku nzima kwa mwenye miguu mizuri, na mito katikati. Na kwamba tarishi angefika Idi imepita, akiwakuta watu wamefunga siku ambayo Mungu amekataza kufunga.

“Mwezi utaonekana lini?”

“Jioni ya Alhamisi, tarehe thelathini na moja, nitautazama. Huenda nikauona, huenda nisiuone. Bwana, kama waniogopa, njoo ukae nami.”

Maneno hayo yalimshangaza. Akamtazama askari wake, akasema kwamba atakuja. Akaongeza masharti yake, na kila mtu aliyasikia: kama kitu chochote angani kitaujibu moto ule, Lukmani atapelekwa kizuizini mpaka vita viishe, na asiwashe hata kijiti bila ruhusa.

Lukmani aliinamisha kichwa kidogo. “Bwana, sharti la kwanza nimelikubali. La pili siliwezi. Mwezi ukithibiti, nikanyamaza, nitakuwa nimewadanganya watu wengi kwa kunyamaza kwangu. Basi nikiwasha bila ruhusa yako, unifunge. Ila unifunge baada ya kuwasha, usinifunge kabla.”

Nilikuwapo. Mutembei alishika kichwa kwa mikono miwili. Lukmani hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayeomba nafasi ya kumaliza palizi kabla ya mvua. Mpaka leo sijui nguvu ile aliipata wapi, mtu ambaye hata bei ya kahawa hakuweza kuibishia.

Nyumbani Shamsa alimpokea mlangoni. “Nimesikia umemjibu Mzungu.”

“Nilimjibu kwa adabu.”

“Naam, adabu ya kwenda jela.” Kisha akauliza, “Kizuizini watakupa blanketi?”

“Sijui, mke wangu.”

Akaingia ndani, akafunga furushi: kanzu ya zamani, shuka nzito, msuli, na tasbihi ya marehemu Muharami. Akaliweka juu ya kuni, ambazo mwaka ule zilianza kukaushwa mapema, vikakaa hapo pamoja kwa wiki tatu zote.

Ramadhani ile ilikuwa nzito. Wakatoliki waliokuwa wakituletea ndizi za kufuturu walipita mbali. Ildefons, aliyekuwa munywani wa Lukmani, rafiki wa tangu ujana, akawa anazunguka kwa njia ya chini ili asipite mbele ya nyumba. Hata miongoni mwetu hofu iliingia. Yule mzee wa jirani aliugua mguu siku ya ishirini na saba. Na mimi, niliyekuwa nimesoma vitabu vingi juu ya ushujaa wa wema waliotangulia, nilijiambia kwamba watoto wa chuo wananihitaji. Jioni ya Alhamisi sikupanda. Naandika hili kwa sababu habari za mtu mwema zisizotaja udhaifu wa waliomzunguka hazimpi haki yake.

Basi Lukmani alipanda peke yake, kuni kichwani na furushi kwapani. Bwana Shauri alikuwa amefika kwa gari lake mpaka chini ya mlima, akiwa na darubini shingoni na askari mmoja, Mustapha, Mwislamu wa Tabora. Mutembei alikuja naye, akajibanza penye mipaka ya migomba. Nyuma yake, ndani ya vibanja, kijiji kizima kilikuwa kimesimama kimekodoa macho juu. Mambo yaliyosemwa mlimani niliyapata kwa Mustapha mwenyewe, ambaye tulijuana miaka mingi baadaye.

“Mzigo huu wa nini?” Bwana Shauri aliuliza.

“Nguo za jela, Bwana. Nisije nikakuchelewesha.”

Mustapha alisema kwamba Mzungu yule alitazama pembeni.

Lukmani alipanga mafungu mawili ya kuni, hatua kumi baina yake, akakaa akaelekea magharibi. Jua likazama nyuma ya milima ya upande wa Karagwe. Anga ilikuwa na wingu refu jembamba, na chini yake ukanda wa rangi ya chungwa. Dakika zikapita. Bwana Shauri akautazama ukanda ule kwa darubini, akashusha, akatazama tena. Ndipo Lukmani akasema kwa sauti ndogo, “Al-hamdu lillahi.”

“Wapi?”

“Pale penye mlima wenye mti mmoja, Bwana. Vidole viwili kushoto, kidole kimoja juu.”

Mzungu alitazama mpaka macho yakamtoka machozi. “Sioni kitu.”

“Ni mchanga sana, Bwana.”

“Mimi nina darubini na sioni kitu. Utawasha?”

Hapa ndipo mambo yalipomshangaza Bwana Shauri, kwa sababu alitarajia ubishi. Lukmani alisema, “Bado. Mimi ni shahidi mmoja tu. Wenzangu hawakuja.” Akageuka. “Mustapha, ndugu yangu, nisikilize. Kama umeona, sema. Kama hukuona, sema hukuona, na wallahi sitakulaumu. Tutafunga kesho, zitatimia thelathini, na mimi nitashuka na kuni zangu. Usiseme kwa kunihurumia.”

Mustapha alikuwa ameuona tangu Lukmani alipotaja mlima wenye mti mmoja. Alikuwa askari wa Mfalme, aliyeletwa kumlinda mtuhumiwa, na sasa neno lake moja lingewasha moto ulioletewa askari. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mwezi ulikuwa ukiteremka. Alimwona Lukmani ameinamisha macho chini ili asimshawishi hata kwa kumtazama, na jambo hilo ndilo lililomshinda.

“Bwana,” alisema, “nauona. Kama unywele mmoja wa mvi.”

“Unajua unachosema, Mustapha?”

“Najua, Bwana. Nimekula kiapo cha kusema kweli, na hii ni kweli.”

Bwana Shauri alisimama kati ya watu wawili walioona kitu ambacho yeye hakukiona. Darubini ilikuwa yake, na bunduki, na serikali. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti chake, akampa Lukmani.

Moto wa kwanza ukashika, kisha wa pili. Huku chini tuliiona ile mioto miwili ikisimama sambamba, na kutoka kibanja hadi kibanja watu wakavuta pumzi. Nilisikia mwanamke akisema Salamu Maria. Sote tulikuwa tumetazama juu.

Na juu kukajibu.

Kwanza ilikuwa sauti nyembamba, kama mvua iliyo mbali juu ya majani. Ikakua ikawa mvumo, na mvumo ukawa anga nzima, ukitoka upande wa ziwa. Ildefons akapiga kelele, “Ndio hao!” na watu wakaanguka chini ya migomba. Mutembei akajitupa kifudifudi katika majani makavu, na unene wake wote. Mlimani Mustapha alishika bunduki, na Bwana Shauri akalikamata bega la Lukmani kwa nguvu. Lukmani hakukimbia. Alisimama kati ya mioto yake miwili akatazama juu, na uso wake, alisema Mustapha, ulikuwa wa mtu anayengoja hukumu na haichukii.

Kitu kikaanguka kwenye kofia ya Bwana Shauri. Kingine kikaanguka mkononi mwake. Akakileta mbele ya moto. Kilikuwa kijani, chenye miguu mirefu.

Aliyetutangulia sote kujua alikuwa Clotilda. “Senene!” alipaza sauti, na sijapata kusikia neno lolote likitamkwa kwa furaha ya namna ile. “Enyi watu, ni senene! Ildefons, inuka, bomu lako linaliwa!”

Walikuwa wamewahi mwaka ule, wakaja kwa wingi ambao wazee hawakuukumbuka. Wale panzi ambao Mhaya huwangoja mwaka mzima walimwagika kutoka mbinguni kuelekea kwenye mwanga wa moto, maelfu kwa maelfu, mabawa yao yakimetameta kama cheche zilizoamua kurudi chini. Rweya ikawa ya kijani na ya dhahabu. Watu wakatoka kwenye migomba na vikapu, vyungu, ungo, nguo walizovaa. Nami nilipanda wakati huo, kwa aibu yangu. Nilimkuta Ildefons amepiga magoti akikusanya kwa mikono yote miwili kwa mwanga wa moto aliousemea, na machozi yanamtiririka. Mutembei alifika amejaa majani kichwani.

Bwana Shauri alimnyoshea yule mdudu. “Mukungu, hii ndiyo eropleni ya Mtaliano?”

“Bwana,” Mutembei alisema akihema, “hii ni… hii hukaangwa.”

Kwa mara ya kwanza Mzungu akacheka, akacheka mpaka akakaa chini juu ya furushi la jela.

Lakini nilipomtafuta Lukmani ndipo nilipoona jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Hakuwa akikusanya. Hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama upande wa kusini wa mioto yake, senene wakimtua mabegani na kwenye kofia, macho yake gizani. Nilisimama karibu naye, sikuona kitu. “Ngoja,” aliniambia. Kisha pakatokea nukta mbili kwenye mgongo wa kwanza. Baadaye, mbali zaidi, mbili nyingine. Na mwishoni kabisa, mahali ambapo mimi sikuona ila giza, akasema, “Kamachumu wamewasha.” Akapiga takbira kwa sauti iliyokatika. Nilifahamu wakati ule kwamba siku zote za wiki tatu hakuwa amehofia kufungwa. Alikuwa amehofia kwamba kuna mzee mahali fulani huko kusini, hamjui jina, ambaye angelala bila kujua kwamba kesho ni Idi.

Siku iliyofuata ilikuwa Idi, na ilikuwa Ijumaa, na kwa Wakatoliki ilikuwa Watakatifu Wote. Siku tatu tukufu ziliingia katika mchana mmoja. Sisi tulitoka uwanjani kusali, wao wakatoka kanisani, tukakutana njiani. Ildefons alikuja na kikapu cha senene waliokwisha kunyofolewa mabawa, akapiga magoti mbele ya mlango wa munywani wake. Alisema mbele ya watu wote, “Ni mimi niliyekusemea kwa mukungu. Nilikuogopa wewe ninayekujua kuliko Mtaliano nisiyemjua.”

Lukmani alimwinua. “Inuka, Ildefons. Mbona umeniletea kikapu kimoja? Mioto ilikuwa miwili.”

Shamsa aliwakaanga kwa chumvi na kitunguu. Mmoja akauliza kwa wasiwasi kama ni halali bila kuchinjwa, nikamjibu kwamba sheria imewatoa panzi na samaki katika hukumu ya kuchinja. Na hilo, naona, ndilo jambo pekee la maana ambalo elimu yangu ililifanya katika mambo yale yote.

Bwana Shauri aliandika nini bomani, sikupata kujua. Nilichojua ni kwamba mwaka uliofuata, kabla ya Ramadhani, ilikuja barua kwa mukungu kwamba moto wa Maruku usizuiwe, na pamoja nayo kiberiti kipya. Vita vilikwisha, na hakuna bomu lililoanguka Bukoba. Lukmani aliendelea kupanda. Macho yakaanza kumfifia, ikafika siku akaniuliza mimi, “Mwalimu, wauona?” nami nikajua kwamba hakuuona, na kwamba asingewasha kwa kusikia. Mwaka huo hakuwasha yeye. Alimkabidhi kuni mjukuu wake wa kike, Siti, na mashahidi wawili wakasimama, naye akakaa karibu akisikiliza tu moto unavyolia. Alifariki mwaka elfu moja mia tisa na hamsini na saba, asubuhi ya mvua. Ildefons alichimba kaburi kwa mikono yake, mzee akimchimbia mzee mwenzake, akakataa kupokewa jembe. Ndani ya nyumba, juu ya dari, tulilikuta lile furushi la nguo za jela, bado limefungwa kwa fundo la Shamsa. Juu ya kanzu ile ya zamani iliyokuwa ndani yake, Lukmani aliwahi kuniambia kwamba siku ya kuivaa haikupata kufika.

Ewe Mola, uliyeuweka mwezi uwe kipimo cha siku zetu, mrehemu mja wako Lukmani bin Muharami, aliyekataa kusema asichokiona na akakataa kunyamazia alichokiona. Litie nuru kaburi lake kama alivyotia nuru usiku wa wengine. Mrehemu baba yake Muharami aliyeanza, na Shamsa aliyefunga furushi bila kumkataza, na Siti aliyepokea kuni. Wabariki watoto wao na watoto wa watoto wao, popote walipo kati ya ziwa na Kamachumu. Wape macho safi, na majirani wanaorudi. Na Mustapha wa Tabora, aliyesema kweli ilipomwia vigumu, usimsahau. Na mimi niliyebaki nyumbani jioni ile, nisamehe. Amina.